Jaji Ambaye Hakuwepo

Nchi ya Pandembili usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walikwenda mara mbili kuipima, na mara zote mbili walirudishwa mpakani kwa sababu hawakusema wanaipima kwa niaba ya chama gani. Ukisoma habari zake ukaona zinafanana na za mahali unapopajua, hayo ni macho yako, mimi simo.

Pandembili ina vyama viwili. Kimoja ni Chama cha Kengele, ambacho wanachama wake hutembea na kengele za mkononi ili kuliamsha taifa. Kingine ni Chama cha Kandili, ambacho wanachama wake hutembea na kandili zinazowaka, hata saa saba mchana jua likiwa utosini, ili kulimulikia taifa. Taifa lenyewe likishaamshwa na kumulikwa huachwa hapo hapo lilipo. Kila jengo la serikali lina milango miwili, wa Kengele na wa Kandili. Zahanati ina miwili, posta ina miwili, na mochwari, Mungu atusitiri, ina milango miwili na majokofu mawili. Mtu asiye na chama hakatazwi kuingia popote. Ni kwamba mlango wake haukujengwa tu.

Mwaka huo jaji mmoja wa Mahakama ya Mwisho alifariki. Alifia kitini, na kwa kuwa alikuwa na desturi ya kusikiliza kesi akiwa amefumba macho, zilipita wiki tatu na hukumu mbili kabla mtu hajagundua. Mahakama ya Mwisho ina majaji saba. Watatu walikuwa wa Kengele, watatu wa Kandili, na marehemu alikuwa wa yeyote aliyewahi kumwamkia asubuhi. Unaweza kuona jinsi kiti kile kilivyokuwa na thamani. Rais, ambaye ni wa Kengele, alimteua Jaji Nathanieli Lukumbo siku ile ile kifo kilipogunduliwa, turubai la msiba likiwa bado halijasimama.

Kuna kifungu kimoja cha sheria ya Pandembili ambacho lazima ukijue, maana ndicho kilichomkosesha usingizi mama mmoja aitwaye Somoe Kapilima. Jaji akishaapishwa kuingia Mahakama ya Mwisho, hukumu zote alizowahi kutoa tangu alipokuwa hakimu wa wilaya hupigwa lakiri. Haziguswi, hazikatiwi rufaa, hazisomwi upya. Wataalamu wanaeleza kwamba mtu asiyekosea hawezi kuwa aliwahi kukosea. Kura ya Kamati ya Uthibitisho ilipangwa Alhamisi asubuhi, na kiapo saa nne juu ya alama. Bi Somoe alizisikia habari hizo redioni siku ya Jumatatu, akimenya ndizi. Kisu kikamponyoka.

*

Bi Somoe alikuwa mpigachapa wa Mahakama ya Wilaya ya Mikoroshini tangu enzi za karatasi za kaboni. Vidole vyake vilikwenda mbio kuliko macho ya waliomsomea, na alikuwa akijivunia jambo hilo mpaka ilipofika Ijumaa moja, miaka kumi na tisa iliyopita.

Wakati huo Lukumbo alikuwa hakimu kijana, mwenye sauti nzito na mapenzi ya bao yasiyo na kifani. Kila Ijumaa alialikwa mji wa Mtondoo kuwa mwamuzi wa mashindano ya bao, safari ya saa mbili kwa gari la serikali. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya hukumu. Mtu mwingine angeomba abadilishiwe siku. Hakimu Lukumbo, ambaye hakupenda kuisumbua serikali, alibuni utaratibu wake. Kila Alhamisi alisaini karatasi thelathini za hukumu zikiwa tupu. Maneno ya "ana hatia" yalikuwa yamechapwa tayari. Kilichobaki ni nafasi ya jina, nafasi ya kosa na nafasi ya miaka. Kazi ya Bi Somoe ilikuwa kujaza nafasi.

"Wezi wa kuku, mwaka mmoja," hakimu alimwelekeza huku akivaa kofia. "Wezi wa mali ya maana, thelathini. Ukiwa na shaka weka kumi. Kumi haijawahi kulalamikiwa."

Ijumaa hiyo kulikuwa na kesi ishirini na saba, na joto la kuyeyusha utepe wa taipureta. Kesi ya kumi na tisa ilihusu cherehani. Fundi Hamdani Tewa, mshonaji wa sokoni, alilalamika kwamba jirani yake amemwibia cherehani ya mota. Faili lilikuwa na majina mawili, la mlalamikaji na la mshitakiwa, na Bi Somoe alipiga moja. Karani alisoma hukumu kama ilivyoandikwa, askari wakamchukua aliyetajwa, na Fundi Hamdani akaenda jela miaka thelathini kwa kosa la kuiba cherehani yake mwenyewe. Mwizi alikabidhiwa cherehani mbele ya mashahidi, pamoja na barua ya serikali ya kumwomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Bi Somoe aliligundua kosa Jumamosi, alipokuwa akipanga nakala. Jumatatu alimsubiri hakimu mlangoni, akamweleza yote bila kuficha kitu.

"Bi Somoe," hakimu alisema kwa upole, "hukumu ikishakuwa na saini yangu imekwisha. Nikiigeuza hii moja, watu watauliza habari za zile ishirini na sita. Na wakishaanza kuuliza, watauliza pia nani alipiga chapa. Nani alipiga?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Umeona sasa."

Akanyamaza miaka kumi na tisa. Nalisema wazi, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kulitafutia visingizio. Mwanzoni alikuwa na watoto wawili wa kusomesha na hofu kubwa. Watoto walipomaliza shule na hofu ikapungua, ikabaki aibu. Tangu mwaka ule hakushonesha tena nguo. Alivaa mitumba, kwa kuwa hakuweza kusimama mbele ya fundi yeyote akapimwa mabega.

Ila Jumatatu ile, kisu kikiwa sakafuni, alipiga hesabu ya siku na kuona zimebaki tatu. Baada ya hapo Hamdani asingekuwa na wa kumtoa, wala yeye asingekuwa na la kukiri. Aliandika maelezo yake ukurasa mmoja, kwa vidole vile vile. Halafu, kwa kuwa alijua kwamba kukiri kosa kama lile ni kifungo, alitia kwenye kikapu mswaki, sabuni, kanga moja na dawa zake za presha, akaondoka kwenda mji mkuu.

*

"Mama, mlango gani?" aliuliza bawabu wa Bunge siku ya Jumanne.

"Wowote, baba."

"Huo hatuna."

"Nina ushahidi juu ya Jaji Lukumbo. Mimi sina chama."

Bawabu alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana mama. Ulizaliwa hivyo, au ilikupata ukubwani?"

"Sikuwahi tu kujiunga."

"Basi nikueleze, maana unaonekana mtu mzima mwenye heshima zako. Ukiingilia huku, wale hawatakusikia. Ukiingilia kule, hawa hawatakusikia. Kazi yako ni kuchagua nani asikusikie."

Bi Somoe alifikiri. Jaji alikuwa mteule wa Kengele. Wa kumsikiliza, aliamini, wangekuwa Kandili. Akashika mlango wa Kandili, na bawabu akampaka alama ya masizi mkononi, ishara ya kwamba tangu dakika hiyo ana msimamo.

Alipokelewa na Mheshimiwa Gaudensia Mtweve, kiongozi wa wajumbe wanane wa Kandili katika Kamati ya Uthibitisho. Ofisi yake ilikuwa na kandili kumi na moja na dirisha moja lililofungwa, na dari lilikuwa jeusi kama sufuria ya jiko la kuni. Mheshimiwa alisoma maelezo kwa shauku, kisha kwa shauku kidogo, kisha akageuza karatasi kutazama kama nyuma kuna zaidi.

"Ni cherehani tu?"

"Ni mtu, mheshimiwa. Yuko gerezani mpaka leo."

"Hilo nimelielewa. Lakini wewe hakukugusa? Hata bega?"

"Hapana."

"Hakuwa amelewa? Hakukutukana?"

"Hakuwepo, mheshimiwa. Shida yenyewe ndiyo hiyo. Alitakiwa awepo, na hakuwepo."

Mheshimiwa Mtweve alishusha pumzi ndefu. "Wenzetu nchi nyingine wanapata wateule wenye maovu ya kueleweka. Sisi tunaletewa mtu asiyekuwepo." Lakini kura ilikuwa keshokutwa na hakuwa na kingine mkononi. Akaita waandishi wa habari, akainua kandili juu ya kichwa, akatangaza kwamba chama chake kina ushahidi wa kutisha juu ya mwenendo wa Jaji Lukumbo, tarehe fulani, Ijumaa fulani, katika Mahakama ya Mikoroshini. Bi Somoe alisimama nyuma yake akikohoa kwa moshi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alijiona mwepesi.

Wepesi huo ulidumu saa mbili na nusu.

*

Chama cha Kengele kina kanuni inayokataza kusoma waraka wowote ulioingilia mlango wa wenzao. Kinachoruhusiwa kusomwa ni tarehe na mahali, ili kujua cha kukanusha. Kwa hiyo mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Burhani Pangani wa Kengele, alisoma tarehe, akasoma mahali, akafunga faili. Hakuhitaji zaidi. Saa tisa alasiri alisimama kwenye ngazi za Bunge akiwa na albamu ya picha.

"Wananchi!" alisema, na kengele mia mbili zikamjibu. "Wanasema Jaji wetu alifanya maovu Mikoroshini, Ijumaa hiyo. Uongo mtupu! Ijumaa hiyo Jaji wetu hakuwa Mikoroshini! Hakuikanyaga! Alikuwa Mtondoo, anaamua bao! Hizi hapa picha! Hiki hapa kikombe! Hawa hapa wachezaji kumi na wawili, wote hai na wenye akili timamu! Aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akarudi jua limezama! Hakuwepo mahakamani hata kwa dakika moja!"

Bi Somoe alikuwa akinywa chai kwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Alisimama na kikombe mkononi. Wamekiri, alijisemea. Wamekiri wenyewe, na picha wametoa. Akakimbia kurudi ofisini kwa Mheshimiwa Mtweve, umri wake na kikapu chake vyote akivisahau.

Mheshimiwa alikuwa akivaa viatu vya kukutana na waandishi. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Umesikia uongo wao?" aliuliza.

"Si uongo, mheshimiwa. Ndiyo yale yale niliyoandika mimi. Hakuwepo! Wametumalizia kazi."

"Bi Somoe, ibara ya kwanza ya katiba ya chama chetu inasema: linalotamkwa na Kengele si kweli. Wao wamesema hakuwepo. Maana yake alikuwepo."

"Lakini sisi ndio tulioanza kusema hakuwepo."

"Sisi tulisema kuna ushahidi wa kutisha. Neno hakuwepo wamelisema wao, mbele ya kamera, na sasa ni lao. Ukilisema wewe utakuwa unawasemea." Akamshika mkono. "Utasema alikuwepo. Alikaa pale kitini, anacheka, wakati maskini yule anafungwa. Itapendeza zaidi."

"Akiwepo hakuna kesi, mheshimiwa. Hukumu inakuwa halali."

"Kesi ipo," alisema Mheshimiwa Mtweve, na sasa hakuwa akitabasamu. "Kesi ni wao."

"Na Fundi Hamdani?"

"Nani?"

Hakuwa anafanya makusudi. Alikuwa amesahau kweli, na Bi Somoe aliona hivyo machoni mwake. Akavuta mkono wake polepole, akasema hataweza kusema uongo juu ya uongo. Akaonyeshwa mlango, ule ule aliouingilia.

*

Jumatano nchi nzima ilikuwa mguu sawa. Kandili walileta mashahidi kumi na wanne waliokula kiapo kwamba Ijumaa ile walimwona hakimu mahakamani kwa macho yao. Mmoja alikumbuka mpaka rangi ya soksi. Kengele walileta wacheza bao kumi na wawili waliokula kiapo kwamba alikuwa Mtondoo, na mmoja wao alilia kidogo alipokumbuka jinsi alivyonyimwa ushindi. Waliotaka kumwangusha Jaji walitoka jasho kuthibitisha kwamba alikuwa kazini. Waliomtetea walitoka jasho kuthibitisha kwamba alitoroka. Hakuna aliyeona ajabu yoyote, na ukiuliza sana Pandembili utaambiwa una ajenda.

Jaji Lukumbo mwenyewe alitoa hotuba ya dakika tisini. Alikuwa amevaa Nishani ya Mahudhurio, ambayo serikali humpa mtumishi asiyewahi kukosa kazi. "Katika miaka kumi na minne ya uhakimu," alisema, na sauti yake ilitikisa glasi za maji, "sikukosa kikao hata kimoja! Mvua ikinyesha nilikuwepo! Homa ikipanda nilikuwepo!" Wajumbe wa Kengele wakapiga kengele kwa furaha, kisha wakaendelea kugawa picha za Mtondoo.

Bi Somoe alikuwa amepanga chumba mtaa wa nyuma ya Bunge. Alipoamka Jumatano hiyo alikuta mlango wake umepakwa masizi na neno MSALITI limeandikwa kwa kidole. Bombani wanawake wa foleni ya Kandili walimgeuzia migongo, na wa foleni ya Kengele wakasema kwa sauti kwamba maji yao si ya wachochezi. Alirudi na ndoo tupu. Mjumbe wa mahakama alimkuta mlangoni, akamkabidhi barua ya kusimamishwa kazi "hadi itakapojulikana uko upande gani." Alikaa kitandani na barua hiyo mapajani, akilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Kesho saa nne. Ilikuwa imebaki siku moja na hakuwa na mlango.

Alasiri akaja mgeni, na kabla hajabisha hodi kengele yake ilishasikika kona. Alikuwa Mheshimiwa Burhani Pangani mwenyewe.

"Dada yangu," alisema, akijikaribisha kwenye kiti pekee, "nimesikia umefukuzwa na wale kwa sababu umekataa kusema Jaji alikuwepo."

"Ni kweli."

"Kwa maana hiyo unashuhudia kwamba hakuwepo."

"Hakuwepo. Lakini, mheshimiwa, sikiliza mpaka mwisho..."

"Mwisho si lazima." Mheshimiwa Pangani alikuwa anang'aa. "Mpigachapa wa mahakama yenyewe! Shahidi wa wapinzani wetu, anatushuhudia sisi! Kesho saa tatu utapanda kizimbani kwa mlango wetu. Utasema neno moja tu, hakuwepo. Kisha utashuka, tutapiga kura, na nchi itapumua."

Bi Somoe alitazama kikapu chake kilichokuwa chini ya kitanda. Alijua anatumiwa. Alijua pia kwamba kizimbani ni kizimbani, na mtu akishasimama pale ana mdomo.

"Nitakuja," alisema.

*

Alhamisi saa tatu kasorobo ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Kandili ziliwaka upande wa kushoto, moshi umetanda usawa wa vichwa. Upande wa kulia kengele zilikuwa zimeshikwa ndimi kwa vidole, zinangoja. Katikati, kwenye meza yenye maua, alikaa Jaji Lukumbo na joho jipya likiwa limeshakunjwa pembeni, tayari kwa saa nne. Bi Somoe alipita na kikapu chake. Askari alitaka kukikagua, akaona mswaki na sabuni, akamwuliza anasafiri kwenda wapi.

"Inategemea," alijibu.

Mheshimiwa Pangani alimwongoza kama bwana harusi. "Shahidi, uliambie taifa. Ijumaa ile, Jaji alikuwepo mahakamani?"

"Hakuwepo," alisema Bi Somoe.

Kengele mia mbili zikalia kwa pamoja. Zilipotulia akavuta pumzi. "Hakuwepo, lakini aliacha karatasi amezisaini..."

Kengele zikalia tena. Aliinua sauti, zikaizidi. Alingoja zikome, akasema, "Kuna mtu anaitwa Hamdani Tewa..." zikalia. Mwandishi wa kumbukumbu za Bunge, ambaye kwa sheria huandika anachosikia, aliandika: Shahidi: (kengele). Mara saba alijaribu, na mara saba iliandikwa hivyo hivyo. Saa ya ukutani ilisoma tatu na dakika ishirini. Upande wa Kandili walikuwa wakimzomea hata pale asiposikika.

Hapo akaacha kuitazama Kamati. Akageuka, akamtazama Jaji usoni, kama alivyomtazama Jumatatu ile mlangoni. Hakupaza sauti. Alimwuliza kwa sauti ya kawaida, ya watu waliowahi kufanya kazi chumba kimoja.

"Mheshimiwa, siku ile ulikuwepo au hukuwepo?"

Mikono yenye kengele iliinuka, ikabaki hewani. Kama Jaji angesema alikuwepo, basi picha zote, kikombe na wachezaji kumi na wawili vilikuwa uongo wa Kengele. Kama angesema hakuwepo, basi nani alisaini, na nishani ile kifuani ilikuwa ya nini? Upande wa pili kandili nane zilishushwa taratibu. Kama angesema alikuwepo, Kandili wangelazimika kukubaliana naye. Kama angesema hakuwepo, wangelazimika kukubaliana na Kengele. Watu mia tano walikaa, na hakuna aliyejua ni lipi kati ya majibu mawili la kushangilia. Moshi ulisikika unapanda. Nadhani ndiyo dakika pekee katika historia ya Pandembili ambapo swali lilisubiri jibu.

Bi Somoe hakupepesa. Sema, aliomba moyoni. Sema lolote. Lolote utakalosema, kiapo kitakwama, na yule mtu atapata wa kumtoa.

Jasho liliteremka kwenye shavu la Jaji likaingia kwenye kola. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha, taratibu, akakunja mikono, na ile sauti nzito ikamrudia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "maadili ya kazi yangu hayaniruhusu kutoa maoni juu ya mahali nilipokuwa, kwa kuwa suala hilo laweza kufikishwa mbele yangu siku za usoni."

Ukumbi ulipumua. Ni jibu ambalo kila mmoja angeweza kuishi nalo. Kengele zikalipuka kwa shangwe, kandili zikainuliwa kwa hasira, kila mtu akiwa amerudishiwa mahali pake. Wajumbe tisa wa Kengele walipiga kura ya ndiyo, wanane wa Kandili wakapiga ya hapana, na saa nne juu ya alama Jaji Lukumbo alivaa joho na kuapa kutenda haki bila woga wala upendeleo. Sanduku la hukumu zake za zamani lililetwa kwa toroli. Bi Somoe aliona lakiri nyekundu ikidondoshwa juu yake, akaona mhuri ukikandamizwa. Alikaa kizimbani mpaka mfagiaji alipomwomba anyanyue miguu.

Hakuna aliyemkamata. Alikuwa amekuja tayari kufungwa, na hakuna aliyekuwa amemsikia vya kutosha kumfunga. Mlangoni Mheshimiwa Pangani alimkabidhi cheti chenye fremu, cha kumshukuru kwa mchango wake katika kuthibitishwa kwa Jaji.

*

Gereza Kuu ndilo jengo pekee la serikali ya Pandembili lenye mlango mmoja. Bi Somoe aliuingia Ijumaa saa sita, siku ya wageni, na askari wa zamu akamwelekeza kwenye chumba chenye benchi na wavu wa chuma.

Fundi Hamdani alikuja akiwa na miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Alikuwa amekonda, na nywele zimekwisha. Hakumtambua. Alikaa, akamwamkia kwa adabu, akangoja.

"Fundi, mimi ni mpigachapa wa Mikoroshini," Bi Somoe alianza, na ilibidi ashike wavu. "Siku ile hakimu hakuwepo. Alisaini karatasi tupu akaenda zake kwenye bao. Mimi ndiye niliyejaza. Kwenye nafasi ya mwizi niliweka jina lako. Nilijua siku iliyofuata, na sikusema. Jana nimejaribu kusema, na nimeshindwa, na sasa hukumu imepigwa lakiri. Nimekuja uisikie kwangu mwenyewe."

Fundi alisogea karibu na wavu. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia.

"Umesema hakimu hakuwepo?"

"Hakuwepo. Wametoa na picha."

"Kulikuwa na joho juu ya kiti," alisema Fundi. "Niliona. Joho tupu, mtu hakuwemo. Niliwaambia siku ya kwanza nilipofika hapa. Nikawaambia, mimi sikuhukumiwa na mtu. Daktari aliandika kwenye faili langu: mfungwa hamwoni hakimu. Miaka kumi na tisa napewa kidonge kila wiki, ili nimwone." Alitikisa kichwa. "Ilifika mahali nikaanza kumwona. Wallahi, nikaanza kumwona amekaa pale."

Bi Somoe alilia bila kujificha. "Nisamehe, Fundi. Najua haitoshi. Nisamehe."

Fundi Hamdani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kuanzia kichwani.

"Hayo tutayazungumza," alisema. "Bado nina miaka kumi na mmoja. Kwanza hili." Akageuka akaita kwa nguvu ambayo haikutarajiwa kwenye kifua kama kile. "Afande! Afande, njoo usikie hapa!"

Askari akaja, kitambulisho kinaning'inia, uso umechoka. "Nini tena, Fundi?"

"Mama, mwambie."

Bi Somoe alimwambia. Alilitaja jina lake na la Hamdani Tewa, akataja Ijumaa, karatasi tupu, bao, nafasi ya mwizi. Hapakuwa na aliyemkatiza. Askari alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akakuna kichwa. Fundi akamtuma amwite mwenzake wa getini. Wa getini akaja, akaambiwa. Akaja mpishi na mikono ya unga, akaambiwa. Akaja mganga wa zahanati ya gereza, yule wa vidonge, na kwa huyo Fundi aliomba irudiwe mara mbili. Wafungwa wenzake walisimama nyuma yake, mmoja mmoja, hadi chumba kikajaa. Kila mara Bi Somoe alipofika mwisho, Fundi Hamdani aliitikia kwa kichwa na kusema, "Haya, wangapi hawajasikia?"

Muda wa wageni ulipokwisha Bi Somoe alikuwa amebaki na sauti ya kunong'ona. Aliokota kikapu, akauliza kama anaruhusiwa kurudi.

"Kesho njoo mapema," alisema Fundi. "Zamu ya asubuhi bado hawajaambiwa."